Jinsi ya kukagua draiva ya kidhibiti cha PCIe katika kerneli ya Linux

Pachi (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa) ya draiva mpya ya kidhibiti kikuu cha PCIe, njia inayounganisha kadi na diski na kichakataji, karibu kila mara huja ikiwa imeshafanya kazi: bodi moja, diski moja ya NVMe, basi. Mkaguzi mzuri hutafuta kile ambacho bodi hiyo haikuweza kufichua, na makosa mengi ya draiva hizi hujificha hapo hapo.

Anza na mashine, usipoteze macho yako kwenye nafasi na mabano. Endesha `checkpatch.pl --strict` (hukagua mtindo wa msimbo), kisha jenga kwa `W=1` (maonyo ya ziada) na `C=1` (uchambuzi wa msimbo), kwa arm64, kwa ARM ya biti 32, na kwa x86 ukitumia `COMPILE_TEST` (chaguo la kujenga draiva bila kuwa na maunzi yake). Kwa faili ya YAML inayoeleza mti wa vifaa, `make dt_binding_check`. Kisichopita hapa kirudishwe kwa mwandishi kwanza.

Sasa fungua mwongozo wa chipu na usome utaratibu wa kuwasha. Umeme ukishatulia, laini ya PERST# (ishara inayoshikilia kifaa katika hali ya kuanza upya) inapaswa kubaki imeshikiliwa kwa angalau milisekunde 100. Kloki ya rejea nayo iwe imetulia kwa mikrosekunde 100 kabla laini hiyo haijaachiwa. Baada ya kuachiwa kuna kungoja kwingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwa bandari ya kasi isiyozidi 5 GT/s (uhamishaji bilioni 5 kwa sekunde), milisekunde 100 huhesabiwa tangu PERST# ilipoachiwa. Kwa kasi zaidi ya hapo, huhesabiwa tangu kiungo kilipomaliza kujipanga. Kifaa kikisomwa kabla ya muda huo kinaweza kukosa kujibu, na mtumiaji ataona kadi inayoonekana leo na kupotea kesho. Ukikuta `msleep(100)` tupu, omba itumike `PCIE_T_PVPERL_MS` au `PCIE_RESET_CONFIG_WAIT_MS` ili anayesoma ajue namba imetoka wapi. Angalia pia upande wa GPIO, pini zinazoendeshwa na programu: kwa `gpiod`, kazi za kerneli za kuziendesha, thamani 1 maana yake PERST# imeshikiliwa, hata kama volti kwenye waya ni sifuri. Anayeiomba kwa `GPIOD_OUT_LOW` ameachia kifaa kabla ya umeme kuwa tayari.

Usomaji wa nafasi ya usanidi (rejista ambazo kerneli hutumia kutambua na kupanga kila kifaa) unastahili muda wako mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Uliza maswali haya ukiwa na `map_bus`, kazi inayotafuta anwani ya rejista hizo, mbele yako. Je, kwenye basi la mzizi (lile la kidhibiti chenyewe), namba ya kifaa zaidi ya 0 inakataliwa? Na kwenye basi lililo chini yake moja kwa moja? Kiungo kina ncha mbili tu, na kuna vidhibiti ambavyo, visipochujwa, huonyesha kifaa kimoja mara 32. Je, aina ya ombi la usanidi inabadilika kulingana na basi? Basi lililo chini ya mzizi huhitaji Type 0, mabasi ya mbele zaidi huhitaji Type 1. NVMe iliyochomekwa moja kwa moja haigusi Type 1 hata mara moja, kwa hiyo mwombe mwandishi ajaribu kupitia swichi ya PCIe.

Kusoma kifaa kisichokuwepo lazima kurudishe biti zote zikiwa 1. Kwenye baadhi ya chipu, kusoma kiungo kikiwa kimekatika huangusha mfumo mzima. Draiva ya Broadcom inayohudumia Raspberry Pi 4 huangalia kiungo kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Ukaguzi huo hauzibi mwanya wote, maana kiungo kinaweza kukatika kati ya kuangalia na kusoma, lakini ni bora kuliko kutokuwa nao. Kumbuka pia kwamba kwenye ARM kazi hizi huitwa kufuli la raw spinlock likiwa limeshikwa: humo hakuna `msleep`, kwani anayeshika kufuli hilo haruhusiwi kulala.

Ukiona `pci_generic_config_write32`, simama. Kuandika baiti 2 za rejista ya amri, ofseti 0x04, huko hugeuka kuwa kusoma na kuandika baiti 4. Biti za hali kwenye 0x06 hufutwa zinapoandikiwa 1, hivyo rekodi ya makosa hufutika bila mtu kukusudia. Ikubali tu ikiwa maunzi kweli hayawezi kuandika kipande kidogo.

Kwenye madirisha ya anwani (maeneo ambayo kichakataji hufikia vifaa), anwani ya upande wa PCI ni `res->start - entry->offset`. Mwandishi aliyesahau kutoa hiyo ofseti hataona tatizo pale ramani ya anwani inapolingana pande zote mbili. Dirisha la I/O lina lake: `res->start` hapo ni namba ya bandari, kwa hiyo ipitishwe kwenye `pci_pio_to_address()`. Soma na `dma-ranges`, inayosema ni kumbukumbu ipi vifaa vinaweza kuifikia. Matoleo ya awali ya BCM2711, chipu ya Raspberry Pi 4, yalifikia GB 3 za kwanza tu za kumbukumbu.

Kwa intarapti, zile nne za mtindo wa zamani, INTA hadi INTD, huhesabiwa 1 hadi 4, wakati biti za rejista huanzia 0. Bila `pci_irqd_intx_xlate`, INTA huangukia biti ya INTB, na INTD hukosa mahali. NVMe hutumia MSI-X (intarapti inayotumwa kwa kuandika kwenye anwani fulani), kwa hiyo kosa hili halionekani mpaka uwashe kwa `pci=nomsi`. Anwani ya MSI nayo iwe chini ya GB 4, kwani vipo vifaa visivyojua anwani ya biti 64.

Fuata kila njia ya kosa ndani ya `probe` (kazi inayoanzisha draiva) kinyumenyume: kilichowashwa mwisho kizimwe kwanza, na `-EPROBE_DEFER` (jibu la "jaribu tena baadaye") ipite kwenye `dev_err_probe`. Kuzima kidhibiti mfumo unapolala kuwe katika awamu ya `noirq` (intarapti zikiwa zimezimwa), kwa sababu kerneli bado husoma usanidi wa vifaa hadi hapo. Kloki ikizimwa mapema, usomaji huo huo unaweza kuisimamisha mashine. Kabla ya kuzima, ujumbe wa PME_Turn_Off (unaovitaarifu vifaa kuwa umeme utakatwa) utumwe na L2, hali ya kiungo kuzimika, ingojwe, kwa kikomo cha milisekunde 10.

Mwisho, dai matokeo ya `lspci -vv` yenye LnkCap (uwezo wa kiungo) na LnkSta (hali yake ya sasa) za pande zote mbili za kiungo, kabla ya kulala na baada ya kuamka.