Chaja ya betri kwenye boti ya alumini: usiikate pini ya ethi

"Baba, boti inauma." Ilikuwa asubuhi ya Aprili hapa Minnesota. Mwanangu yuko peku kwenye sakafu ya gereji iliyolowa, mkono juu ya ukingo wa boti. Nikagusa kwa mgongo wa kidole, ikanitekenya. Nikaenda mbio kuchomoa waya ukutani.

Boti ni ya futi 16, alumini tupu. Niliinunua mkononi, ikiwa na mota ya umeme ya mbele ya volti 24, betri mbili, na chaja iliyofungwa kwa boliti ndani. Nilipoitazama plagi nikaona pini ya duara, ile ya ethi (ya waya wa ardhini), imekatwa kwa koleo. Mimi ni fundi umeme, kazi nimejifunzia Likoni, Mombasa, na wiki nzima nilikuwa nikiichomeka plagi ile bila kuiangalia. Soketi nayo ilikuwa ya zamani, haina kinga ya kukata umeme ukivuja.

Boti ikiwa juu ya trela imekalia matairi ya mpira. Waya wa moto ukigusa bodi ya chaja, yaani ganda lake la nje, na bodi imeshikana na alumini, boti nzima inakuwa na umeme. Ethi ingekuwepo, umeme ungepata njia ya kurudi na swichi ingejikata. Ethi ikikosekana, boti inakaa kimya mpaka atokee mtu mwenye miguu iliyolowa.

Kwa hiyo anza na plagi na ekstensheni: pini tatu, nzima, waya mnene wa kutumia nje. Kisha chomeka kwenye soketi ya GFCI, ile yenye vitufe viwili vya TEST na RESET, na ubonyeze TEST kila unapotaka kuchaji. Kwa umeme wa Marekani wa volti 120, soketi hii hukata ikiona miliampea kama 5 zimepotea njia. Kule nyumbani tuna volti zipatazo 230 na kinga ya kawaida ni ya miliampea 30. Ikijikata kila ukichomeka chaja, ijaribu kwa kifaa kingine. Kama chaja peke yake ndiyo inayoikata, basi chaja imekufa. Nunua nyingine. Koleo liache kwenye sanduku.

Halafu chukua mita ya kupimia umeme, plagi ikiwa nje ya soketi. Kama bodi ya chaja ni ya chuma, pima kutoka pini ya ethi hadi kwenye bodi: mita ilie, omu karibu na sifuri. Pima kila pini bapa hadi kwenye alumini: isisome kitu. Ila mita ya kawaida hupima kwa volti chache, mvujo mdogo unaweza kuipita, kwa hiyo jibu zuri la mita halikuondolei haja ya GFCI. Upande wa betri za mota ya mbele, pima volti kati ya chanya na alumini, kisha hasi na alumini. Zote zisome sifuri. Ukipata volti, kuna waya umechubuka mahali. Mara nyingi ni pale unapopenya kwenye tundu la bati lisilo na mpira.

Chaja yenyewe iwe ya boti, si ya gari. Ifunge juu, mbali na maji ya sakafuni, penye hewa, maana betri za asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Weka fyuzi kwenye kila waya wa chanya, isizidi sentimita 18 kutoka betri. Waya wa ukutani uchomeke mwisho, na uwe wa kwanza kuchomoa.

Mimi huchajia gereji tu. Sisi watu wa pwani hudhani maji ya chumvi ndiyo hatari zaidi kwa umeme, kumbe kwa anayeogelea ni ya ziwa. Bahari hupitisha umeme vizuri kuliko mwili, umeme unampita pembeni. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwili ndio njia nyepesi. Misuli inakakamaa, mtu anazama bila kupiga kelele. Kwa hiyo boti ikichajiwa gatini, iwe hapa au Mwanza, hakuna kuoga karibu.

Wapo wanaoikata ethi kwa kuogopa alumini kuliwa wakiwa gatini. Ni kweli, ethi huunganisha boti yako na vyuma vya majirani majini, na alumini ndiyo huliwa. Dawa yake ni kizuia-galvani, kidude kinachokaa kwenye waya wa ethi: huzuia ule umeme mdogo unaokula bati, lakini hitilafu ikitokea huupitisha. Ongeza vipande vya magnesi vya kuliwa badala ya boti, ikiwa ni maji baridi. Na usiache sarafu wala vipande vya waya wa shaba sakafuni mwa boti. Shaba ikilala kwenye alumini yenye maji, hutoboa.