Kabla hujaipeleka gari Moshi Desemba: anza chini ya boneti, kung'arisha kuje baadae

Kila mwaka ikifika katikati ya Desemba foleni za kuosha gari hapa Dar zinakua ndefu kuliko za gereji, na mimi mwaka wangu wa kwanza kumiliki gari nilikua kwenye hiyo foleni ya kuosha. Nina Vitz ya mkononi, nimeipiga polishi mpaka ukisimama mlangoni unajiona meno, tairi zimepakwa dawa nyeusi tii, ndani inanukia stroberi, afu kufika Mombo, njiani kwenda Moshi, taa nyekundu ya temperecha ikawaka. Gari nyingi ndogo za Toyota hazina ule mshale wa joto, zina taa tu, ya bluu enjini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, kwa hiyo nyekundu ikiwaka ujue mambo yameshaharibika tayari, hamna onyo la kati. Nikapaki pembeni, jua la saa nane, mabasi yanapita yanatutikisa, mpaka akaja fundi na bodaboda. Akasubiri enjini ipoe kabisa ndo akafungua kifuniko cha rejeta, raba yake imepasuka kama mkate mkavu na maji ndani yana rangi ya chai ya mkandaa. Kifuniko tu! Hela niliyotoa kwa polishi ingenunua vifuniko kadhaa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza gari yangu ya kwanza naipeleka nyumbani mwezi wa kumi na mbili nizingatie nini, naanzia hapo hapo, na nasema anza wiki tatu kabla. Ukienda gereji tarehe 20 mafundi wamechoka, spea zimepanda bei na kila mtu anataka kuondoka kesho yake, sasa hapo unategemea nini.

Rejeta iwekewe kulanti, yaani yale maji maalumu ya kupoza enjini, sio maji ya bomba na hasa sio maji ya kisima, si unajua visima vya Dar vingi vina chumvi, ile chumvi inakula bati na kuziba njia za maji humo ndani taratibu bila wewe kuona. Kulanti inachelewa kuchemka, inazuia kutu, na ikiwa na rangi yake ya pinki au kijani unajua mapema ikivuja. Usiangalie kile kichupa cha pembeni peke yake ukaridhika, kinaweza kua kimejaa wakati rejeta yenyewe ina upungufu, asubuhi gari ikiwa baridi fungua kifuniko uone kwa macho yako na uiguse ile raba. Gari ikiwa ya moto usifungue, maji yale yana presha na yatakurukia usoni, hili sio la kujaribu.

Oili pima gari ikiwa sehemu tambarare na enjini umeizima dakika kadhaa, vuta kile kijiti, futa, rudisha, vuta tena, iwe katikati ya alama mbili. Hapa kuna kosa moja mafundi wetu wanalipenda, ukinunua galoni ya lita 4 wanamimina yote ili wasikuachie kidogo. Enjini ya 1NZ ya kwenye Toyota IST za cc 1500 inameza kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, iliyobaki rudi nayo nyumbani kwenye chupa yake, oili ikizidi nayo ni tatizo, inapigwa povu na kutafuta pa kutokea. Na kama gari yako giaboksi yake ni CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, usikubali imwagiwe oili ya otomatiki ya kawaida eti zote ni nyekundu, nshaona mtu analia na giaboksi nzima.

Betri, waipa, taa zote na honi hayo ni ya dakika kumi, mwite mtu asimame nyuma ukanyage breki basi. Breki zenyewe fungua matairi uone pedi zimebaki kiasi gani, na oili ya breki kama imekua nyeusi badilisha maana inanyonya unyevu wa hewani, ikishakua na maji ukifunga breki mfululizo inachemka na pedali inazama mpaka chini.

Tairi ndo watu tunadanganyana sana. Kashata kubwa, yaani zile nundu za raba zinazokanyaga lami, haimaanishi tairi nzima, angalia ubavuni zile namba nne za mwisho, ikiandikwa 2317 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2017, na raba inazeeka hata kama haijatembea. Afu angalia kitu kingine ambacho mimi niliambiwa na fundi wa pancha sio muuza magari: gari zinazotoka Japan baadhi zinakuja na tairi za kule kwenye barafu, zimeandikwa STUDLESS ubavuni. Raba yake laini mno, kwenye lami ya moto kati ya Mombo na Same na gari imejaa watu na magunia inachemka na kuisha haraka, hizo badilisha. Upepo jaza asubuhi kabla hujatembea, kipimo kimeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, usimwachie yule kijana ajaze kwa kukadiria. Na la akiba nalo lijazwe, mengi yana miaka hayajaguswa yamelala kama blanketi.

Fire extinguisha isiwe imeisha muda, pembetatu mbili, jeki, spana ya matairi. Faini ni elfu 30 kwa kosa moja na njia nzima imejaa vibao vya spidi 50.

Sasa rangi. Sikatai, kila mtu anataka afike kijijini gari inang'aa, lakini elewa unachong'arisha. Rangi ya gari imekaa kwa matabaka, chini praima, juu yake rangi yenyewe, afu juu kabisa klia, na hiyo klia ndo inayong'aa. Unene wake ni maikroni 40 hadi 50 hivi, unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo. Polishi ya mashine na kompaundi kazi yake ni kusugua, inakwangua klia kidogo ili mikwaruzo ipotee, maana yake kila ukipiga imepungua na hairudi, ukipiga kila Pasaka na kila Krismasi mwisho boneti na ruufu zinapauka mabaka mabaka kama zina mba, hapo dawa ni kupaka upya. Nta ni kitu kingine, nta inakaa juu kama mafuta mwilini, hiyo ndo unayoihitaji kabla ya safari. Kama jamaa anasugua na kitambaa chake kinachukua rangi ya gari, msimamishe hapo hapo, ameshaimaliza klia au gari haikua nayo.

Na mikwaruzo mingi inatoka kwenye kuosha kwenyewe. Simama siku moja umwangalie kijana anavyoosha: dekio moja, ndoo moja, ameanza na rimu zenye unga wa breki na mchanga, dekio likianguka chini analiokota, afu na hilo hilo anapanda kwenye boneti. Ndo ile mistari ya duara duara kama utando wa buibui unayoiona juani kwenye gari nyeusi. Mimi siku hizi naosha mwenyewe, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kwanza namwaga maji mengi kutoa mchanga, naanzia ruufu nashuka, matairi mwisho kabisa na kitambaa chake. Kivulini, bodi ikiwa imepoa, na nafuta na taulo la maikrofaiba kabla maji hayajakauka, hasa haya ya kisima, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ya chumvi yanayogoma kutoka. Sabuni ya unga ya nguo acha, inaondoa nta yote. Na ukikuta mahali wanapulizia dizeli au mafuta ya taa chini ya gari ili ing'ae kataa, ile inalainisha raba za bushi na hozi, baada ya muda unaanza kusikia kugonga huku umeambiwa gari imehudumiwa.

Kinyesi cha ndege usikisubirishe wikiendi, kina asidi, jua linailainisha klia na doa linazama humo. Wadudu wa usiku nao hivyo hivyo, ukishafika weka kitambaa chenye maji juu yao dakika chache walainike, usiwakwangue. Kale kakovu ka kokoto kwenye boneti kazibe kabla hakajashika kutu, namba ya rangi iko kwenye kile kibati ndani ya boneti pameandikwa COLOR, Toyota 040 ni ile nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 silva, mpe fundi rangi hiyo namba, usimwambie tu "silva" maana silva ziko nyingi.

Usiku wa kuamkia safari tandika boksi la kadibodi chini ya gari, pale mbele, na vipande karibu na matairi. Asubuhi lisome. Maji meupe yasiyo na harufu ni ya AC, hayo poa. Pinki au kijani ni kulanti, tafuta inapotokea. Doa jeusi la oili dogo unaweza kupima kiwango na kutembea ukilifuatilia. Ila ukikuta utelezi karibu na tairi wenye rangi ya mafuta ya kula, hiyo ni breki, mpigie mzee simu umwambie utachelewa siku moja, hata kama mbuzi ameshachinjwa.