Jinsi ya kulielewa "run" bila kumeza kamusi

Nafundisha Kiingereza vijana wa maboti na wale wanaotembeza wageni hapa Lamu, na neno linalowatesa kuliko yote ni run, neno ambalo kila mtu anaona analijua tangu darasa la kwanza. Kukimbia, si ndio? Halafu mgeni anashuka pale gatini na mabegi yake anakwambia "We're running late, can you run us over to Manda before the tide runs out?" na hapo hakuna hata mtu mmoja anayekimbia.

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford, alihesabu maana 645 za run ikiwa kitenzi tu. Hizo hakuna kichwa cha kuzibeba, hata Waingereza wenyewe hawazikariri, kwa hivyo tufanye hivi.

Hatua ya 1. Acha kuuliza run maana yake nini. Sisi tuna piga: piga simu, piga pasi, piga mbizi, piga makasia, na hakuna aliyekaa chini akakariri, sikio linaenda lenyewe kwa lile neno la pili. Run nayo isome kwa majirani zake.

Hatua ya 2. Angalia nani au nini kina-run. Mtu au punda, anakimbia. Maji, yanatiririka, na pua ikiwa running ni makamasi hayo. Injini, imewaka inafanya kazi. Boti likiwa runs every hour, lina safari kila saa.

Hatua ya 3. Angalia kinachofuata. Run a shop ni kuendesha duka, kwa hivyo mgeni akiuliza "Who runs this boat?" anamtaka msimamizi wa ile kazi, ambaye pengine si yule aliyeshika usukani. Run a fever, ana homa. Run for governor ni kugombea, lakini hiyo zaidi ni ya Marekani, Muingereza atasema stand, na vie yetu ya Kenya wageni wengi haiwaingii.

Hatua ya 4, na hapa nakuomba ukae sana manake ndipo watu wengi wanapopotelea, ni vile vijineno vidogo vya nyuma. Chukua out. Vijana wangu wengi husema "The fuel is finished", mgeni ataelewa, lakini yeye mwenyewe angesema "We've run out of fuel", na wewe hiyo unayo tayari, ni tumeishiwa na mafuta, anayeishiwa anatangulia, kinachoisha kinafuata na of. Of ikikosekana na kinachotangulia ni kitu chenyewe, basi kitu ndicho kinachoisha au kutoka, ndio maana the tide runs out ni maji kupwa. Run aground ni kupanda fungu, ukipita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yamekupwa utaijua vizuri. Run into someone ni kukutana na mtu bila kupanga, ila boti yako iki-run into boti nyingine hapo mmegongana.

Over nayo iangalie kwa makini kabisa. "Run us over to Manda" ni tuvushe mpaka Manda, lakini ukikata sentensi pale kwa over, "run us over", umeomba mgongwe. Kwa hivyo usijibu kabla mtu hajamaliza kusema, na yule mgeni wa gatini kumbe anasema amechelewa, anataka umvushe kabla maji hayajakupwa, pengine ana ndege ya kuwahi kwenye uwanja wa Manda.

Hatua ya 5. Weka daftari, na usiandike kwa herufi, andika kwa mahali: baharini, dukani, mwilini, kwenye simu. Kila ukiskia run mpya andika sentensi nzima vile ilivyosemwa, neno peke yake halitakusaidia, kisha pembeni weka Kiswahili chake ukiweza bila kutumia kukimbia. Usiku isome kwa sauti. Nyakati zake ni run, ran, run, yaani jana we ran out, lakini saa hii we have run out, usiseme have ran.

Daftari la run likishajaa, fungua jingine la get, na uanze tena hatua ya 1.