Ukiishi karibu na kiwanda, anza na sahani nyeupe

Chukua sahani nyeupe ya kauri, ioshe, ikaushe vizuri, kisha iweke nje mahali palipo wazi, kimo cha mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, pasipo na mti wala kamba ya nguo juu yake. Iache saa 24 siku isiyo na mvua. Siku hiyohiyo weka nyingine kwa rafiki anayeishi upande ambao upepo wa kiwanda haufiki. Hiyo ya pili ndiyo watu huisahau, na bila hiyo huna cha kulinganisha, kwa kuwa kila mtaa una vumbi lake la barabara na la majiko.

Kesho yake pitisha kidole. Masizi hupakaa kama grisi na hayatoki kwa maji matupu. Ukiwa na sumaku, izungushie mfuko mwembamba wa plastiki na uipitishe juu ya sahani: chembe za chuma zitairukia. Dondoshea siki kidogo pembeni. Vumbi la mawe ya chokaa litatoa povu. Vumbi la saruji iliyosagwa tayari, ukililowesha na kuliacha usiku kucha, hugeuka gamba gumu. Gamba hilohilo ndilo linaloshika kwenye mabati na vioo, na ukilikwangua kavu unachubua rangi.

Majaribio haya hayataji sumu, wala hayatoshi mbele ya mkaguzi. Faida yake ni kukuonyesha uiombe maabara ipime nini. Ukienda na ombi la "pimeni kila kitu" utalipa fedha nyingi, na majibu yanaweza yasiguse kabisa kile kinachokusumbua.

Tena, sahani hunasa chembe kubwa tu. Zinazoumiza zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Hizo hupita pua na koo, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana, mbali na kikohozi na pumu, huchangia pia mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwongozo hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa saa 24. Kipimo kidogo cha umeme cha kutundika ukutani kitakuonyesha saa ambazo hewa huchafuka, ila usikiamini palipo na ukungu: huhesabu matone ya maji kama vumbi.

Dirisha lifungwe lini

Usiku ardhi inapopoa, hewa baridi hulala chini na hewa ya joto huifunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi hukosa pa kupandia, ukatambaa kwenye kimo cha madirisha. Kwa hiyo saa za kufunga ni kuanzia usiku hadi jua lipande, pamoja na wakati wowote upepo unapotoka kiwandani kuja kwako. Mchana, hewa ikishaanza kupanda, fungua. Kufunga siku nzima ni hatari kwa wanaopikia ndani kwa mkaa au kuni, maana wanajifungia na moshi wao wenyewe na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Barakoa ya daraja la N95 au FFP2 huzuia chembe, haizuii gesi, na ndevu huipa upenyo. Ile ya upasuaji huvuja pembeni.

Harufu ya mayai yaliyooza ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikizidi sana, gesi hii huzima uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla huku unaona kizunguzungu, usifikiri imeisha. Toka. Katika mvujo wowote usikimbie kufuata upepo uendako. Ukate kwa ubavu. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, hutafuta mabonde na mitaro, basi panda sehemu ya juu.

Risasi, na kwa nini ufagio si rafiki

Palipo na uyeyushaji wa betri kuukuu au vyuma chakavu, hofu ya kwanza iwe madini ya risasi. Hayana harufu, hayaozi, hubaki kwenye udongo miaka mingi hata kiwanda kikifungwa. Mtoto hutambaa sakafuni na kutia mkono mdomoni. Risasi anayoimeza, mwili wake hunyonya karibu nusu, wakati mtu mzima hunyonya karibu sehemu moja ya kumi. Huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto wengi hakuna dalili ya kuona kwa macho, kwa hiyo usisubiri dalili.

Kufagia kavu hurusha vumbi hewani, likatua tena mezani na kitandani. Piga deki kwa ndoo 2: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia tambara, na ubadilishe ya kusuuzia kila chumba. Anza na vizingiti vya madirisha, maana ndipo vumbi hujikusanya, malizia sakafu. Maji machafu yamwagwe chooni, kamwe yasimwagwe bustanini. Viatu vibaki nje ya mlango. Anayefanya kazi kiwandani aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na sare yake ifuliwe peke yake.

Mpeleke mtoto apimwe damu. Tone la kidole linaweza kudanganya endapo ngozi ina vumbi; mikono ioshwe kwa sabuni kwanza, na jibu likiwa juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hunyonya risasi zaidi, hivyo chakula kinasaidia. Lakini hata dawa za kuondoa risasi mwilini hazimfai kitu mtoto anayerudishwa kwenye sakafu ileile.

Maji na bustani

Kuchemsha huua vijidudu tu. Metali hubaki, tena maji yakipungua kwa mvuke, hukolea. Maji ya paa lililo chini ya moshi yatumike kufulia na usafi. Kama hakuna mengine, kwa kila mita 40 za mraba za paa mwaga angalau lita 20 za mwanzo wa kila mvua, na ujue kwamba hatua hiyo hupunguza vumbi bila kuliondoa lote. Ya kisima yapimwe. Chupa ichukuliwe maabara yenyewe. Ya kupimia metali mara nyingi huwekwa asidi kidogo ndani, usiisuuze.

Kwenye bustani, mboga za majani hubeba vumbi na mizizi hubeba udongo. Mazao ya matunda kama nyanya ni afadhali. Tengeneza tuta la udongo safi lenye kina cha sentimita 30, na sampuli ya kupima udongo wa wanapochezea watoto itoke sentimita 2 au 3 za juu, sehemu 5 hadi 10 zikichanganywa.

Daftari

Malalamiko mengi huanguka kwa sababu yameandikwa "moshi umezidi". Andika hivi: Jumanne, saa 11:20 alfajiri, upepo kutoka kusini mashariki, moshi wa kahawia dakika 40, harufu ya kiberiti, mtoto alivuta inhela mara 2. Upepo hutajwa kwa unakotoka. Ukigeuza, daftari lote linakugeukia. Andika na siku ambazo hali ilikuwa njema, hasa kiwanda kikisimama kwa matengenezo, kwani siku hizo ndizo zinazotofautisha moshi wao na wa barabara.

Picha zipigwe kutoka sehemu moja isiyobadilika. Kwa nyufa za ukuta unazodhani zimeletwa na mtikisiko wa kiwanda, chora msitari kwa penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, pima upana kila mwezi. Ufa unaorefuka kila mvua ikinyesha huenda unatokana na msingi, na ni bora uligundue hilo mapema kuliko kuambiwa na wakili wao.

Kaya 10 zenye madaftari ya miezi 3 yanayokubaliana saa na upepo ni vigumu kuzipuuza. Peleka nakala kwa mamlaka ya mazingira na kwa ofisi ya afya, zigongwe mhuri wa kupokelewa, na daftari halisi libaki nyumbani.