Jinsi ya Kusomea Nje ya Nchi Ualimu wa Uelekeo na Ujongeaji kwa Wasioona

Anayetaka kwenda nje ya nchi kujifunza namna ya kuwafundisha wasioona na wenye uoni hafifu kutambua mahali walipo na kutembea salama hadi waendako, aanze kwa kuuliza chuo kinampeleka mwanafunzi wake barabarani kwa saa ngapi, na nani anamsimamia huko. Jina la chuo lifuate baadaye. Kazi hii ilianza kwa vitendo: wakati wa Vita Kuu ya Pili, Richard Hoover aliwafundisha wanajeshi waliopofuka, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge nchini Marekani, kutumia fimbo ndefu kupapasa njia iliyo mbele yao, na mafunzo ya chuo kikuu yalifuata tu mwaka 1960 huko Boston College.

Kwa Marekani, njia inayofahamika zaidi ni cheti kinachotolewa na ACVREP, taasisi inayothibitisha sifa za wataalamu wanaowahudumia wasioona. Mwombaji awe na shahada, amalize programu inayotambuliwa, afanye mazoezi ya saa 350 chini ya msimamizi mwenye sifa, kisha afaulu mtihani. Cheti hicho huhuishwa kila baada ya miaka 5. Ipo pia njia ya National Blindness Professional Certification Board, bodi nyingine ya kutoa vyeti, ambayo Louisiana Tech University huiandalia wanafunzi. Hiyo hutilia mkazo mkubwa mafunzo ya kufunikwa macho na kumwachia mwanafunzi agundue mwenyewe mazingira yake, na huwapokea walimu ambao wenyewe hawaoni. Kwa maoni yangu, mwombaji asiyeona akiulize kila chuo waziwazi jinsi kitakavyomwezesha kusimamia usalama wa mwanafunzi wake, na jibu la kusitasita alichukulie kuwa ni sababu tosha ya kutafuta kwingine.

Ukifika, tarajia kufungwa kitambaa machoni mapema sana. Utafundishwa kwanza kumshika kiongozi mkono juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yake, ili mwili wake ukuarifu anapogeuka au anaposhuka ngazi. Kisha utapewa fimbo. Mkono hukaa katikati ya mwili, kifundo cha mkono ndicho kinachocheza, na ncha hugusa chini upande wa kushoto wakati mguu wa kulia unakwenda mbele, halafu kinyume chake, katika upana unaozidi kidogo mabega. Ncha ikipishana na mguu kwa mpigo mmoja tu, mguu hukanyaga mahali ambapo hapajakaguliwa. Mwalimu ambaye hajalihisi kosa hilo mwilini mwake huchelewa kuliona kwa mwanafunzi.

Kuvuka barabara kunahitaji uangalifu wa pekee kwa anayesomea ugenini. Marekani magari hupita kulia, kwa hiyo anayeanza kuvuka hukutana kwanza na yale yatokayo kushoto kwake. Mahali wanapoendesha kushoto, kama Uingereza, hatari ya kwanza hutoka kulia. Tena, sehemu kubwa ya mafunzo hutegemea makutano yenye taa, ambapo mwanafunzi husubiri kusikia magari ya upande wake yakiondoka kuelekea aendako. Ikiwa utafundisha penye barabara zisizo na taa wala njia za waendao kwa miguu, mwombe msimamizi wako mapema akupangie mazoezi ya kusikiliza nafasi kati ya magari na ya kutembea kando ya barabara isiyo na ukingo.

Kuhusu viza, hakikisha ofisi ya wanafunzi wa kigeni imeidhinisha mazoezi ya kazini kabla hujayaanza, hasa ukiwa na F-1, viza ya Marekani ya mwanafunzi. Baadhi ya wenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, wakiwamo wanaofadhiliwa na serikali, hutakiwa kuishi kwao miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani, nalo ni sharti la kulifahamu kabla ya kukubali ufadhili.

Weka daftari la saa zako, likionyesha somo, mahali na sahihi ya msimamizi kila siku, na uombe muhtasari rasmi wa kila kozi kabla hujaondoka, kwa sababu mwajiri wa nyumbani anaweza kuhitaji kulinganisha mafunzo yako na sifa anazozijua.