Mwanao mwenye usonji akipelekwa kituo cha polisi

Wazazi wenzangu wa hapa Kenya, mwanangu aliulizwa kituoni: "Hukuchukua hiyo simu?" Akajibu, "Ndiyo." Maana yake: ndiyo, sikuichukua. Ikaandikwa kwamba amekubali. Tangu siku hiyo nimesoma sheria kama mtu anayesomea mtihani.

Hatua ya 1. Mweleze afisa wa zamu kuwa mwanao ana usonji (autism), na uombe jambo hilo liandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Barua ya daktari isaidie.

Hatua ya 2. Tafuta wakili. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mwanao haki ya kunyamaza, na ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa.

Hatua ya 3. Omba maswali yabadilishwe. Hapa ndipo kesi nyingi huharibikia. "Hukuchukua?" iwe "Simu iko wapi?" Swali moja, jambo moja. Mafumbo yaachwe: akiambiwa "tapika yote" atashika tumbo. Asubiriwe, hata kimya kikiwa kirefu. Akirudia maneno ya swali, "umeiba, umeiba", huo ni mwangwi tu, hajaungama. Na kutomtazama mtu machoni si dalili ya hatia. Wangu hata mimi hanitazami.

Hatua ya 4. Asitie sahihi asichokielewa. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinakataa ungamo lililotolewa kwa polisi, isipokuwa mbele ya afisa wa cheo cha inspekta au zaidi, asiyeichunguza kesi hiyo, pamoja na mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe.

MASWALI

Dada, wangu hasemi, huonyesha picha. Korti itamsikiliza?
Mwambie wakili aombe mapema. Kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu mahakama kumpa mlalamishi au mshtakiwa msaidizi wa mawasiliano.

Mama mzazi anaweza kuwa msaidizi huyo?
Katika kesi za Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, jamaa anaweza, mahakama ikimkubali. Lakini kama wewe pia ni shahidi, naona heri mwalimu wake.

Nikiona anakwama, nimjibie?
Hapana, mpenzi. Sema, "Afande, hajaelewa, tafadhali uliza kwa maneno mengine." Mimi nilijibia mara moja, na wakili wetu alitaabika sana kuyaondoa maneno yangu kwenye taarifa ya mwanangu.