Makala ya kisayansi iliyotungwa na kompyuta: jinsi ya kuomba ifutwe

Anza na marejeo. Chagua 5 na utafute DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho, ya kila moja. SCIgen, programu ya kutunga makala bandia iliyoundwa na wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2005, hubuni marejeo yasiyokuwepo kabisa. Angalia na michoro: mhimili wenye kipimo kisichoendana na kinachopimwa ni dalili mbaya.

Istilahi zilizopinda ndizo ushahidi mzito zaidi. Ili kukwepa vikaguzi vya wizi wa maandishi, programu za kuandika upya maandishi hubadilisha maneno kwa visawe vyake, bila kujua kwamba istilahi haivunjwi. Ni kama “akili bandia” igeuke “fahamu ya kughushi”. Mtaalamu hawezi kuteleza hivyo mara 10 katika makala moja.

Hifadhi nakala ya PDF kwanza, maana baadhi ya wachapishaji huiondoa makala kimyakimya. Kisha mwandikie mhariri mkuu, nakala kwa kitengo cha uadilifu cha mchapishaji: DOI, ukurasa, sentensi yenyewe, na kosa lake. Usimwite mwandishi tapeli. Barua ya namna hiyo huwekwa kando. Weka hoja hizohizo pia kwenye PubPeer, tovuti ya kujadili makala zilizochapishwa, zionekane wakati uchunguzi ukisuasua.

Ufutaji sahihi, kwa mwongozo wa COPE (Kamati ya Maadili ya Uchapishaji), hutoa tangazo lenye sababu, linalosomeka bila malipo, na makala hubaki mtandaoni ikiwa na alama kwamba imefutwa. Ikiondolewa tu, waliokwisha kuinukuu hawatajua kamwe.